Mimba za Mtoni

Milepa, Sumbawanga
Mvua zikianza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko, karatasi nimeiweka juu ya ungo niliougeuza, na kuku wa jirani wanataka kuisoma kabla yako. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi ilifika, au aliyachua magoti yake mwenyewe? Huku mimi, mume wangu Didas na mjukuu wako Neema ni wazima wa mwili. Neema ameota meno ya mbele, anang'ata kila anachokishika, hata rozari ya babu yake.

Konsolata, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole, usirukeruke kama unavyoruka masomo ya kanisani, na ukifika penye uzito usimfiche Mama maneno. Nimeacha kupiga simu makusudi. Simu yenu inapaza sauti mpaka kwa majirani, na mimi nikianza kuyasema haya nitalia, salio litakwisha, nanyi mtabaki mnadhani nimefiwa.

Sijafiwa, Mama. Lakini hapa nyumbani kuna msiba ambao hauna turubai wala watu wa kuja kutoa pole. Ni msiba wa baba mkwe wangu, mzee Kastory, na samaki wake.

Unamkumbuka. Ni yule mzee mrefu aliyekuja Ifakara kunichukua, amevaa makoti mawili kwenye joto lile, mpaka wajomba wakanong'ona kwamba labda ana homa. Alizaliwa juu Kaengesa, kwenye baridi ya Ufipa, akashuka huku bondeni ujanani kuufuata mto, lakini makoti hakuyaacha. Hakukuambia siku ile kwa nini alikataa kula samaki uliyemwekea kwenye sahani yake, yule mwenye mayai, ukakasirika kimoyomoyo ukasema Wafipa wanajidai. Sasa nakuambia. Yeye na marehemu mama mkwe walizaa watoto wasiokaa. Walizika mmoja baada ya mwingine, wengine hawajapewa hata jina. Ndipo mzee akapanda hadi kanisani Kaengesa akaweka nadhiri: akijaliwa mtoto mmoja tu akabaki, yeye hatamwua tena samaki mwenye mimba, hata awe na njaa namna gani. Baada ya hapo akazaliwa Didas, na Didas akabaki.

Tangu hapo, Mama, mzee akitegua mitego yake ya migono au akivuta wavu, samaki mwenye tumbo hamwingizi kapuni. Anamweka kwenye ndoo yenye maji, anapanda naye kandokando ya mto hadi kwenye kidimbwi kimoja kilichozungukwa na matete, anamwachia pale atulie, ili mvua zikija atage kwa raha zake. Ni wale samaki wa kiganja, wenye magamba meupe na sharubu fupi, wanaofanana na kuyu wadogo wa huko kwetu. Wenzake walimcheka. Walimwita Mkunga. "Mkunga, leo umezalisha wangapi?" Naye anajibu, "Waulize wanao wanakula nini." Kwa sababu miaka ile mto ulijaa samaki, na waliomcheka walikuja wakamwiga. Ikawa ndiyo sheria ya wavuvi wote wa upande huu, kwamba mwembamba ni wa chungu, mwenye tumbo ni wa mto.

Nilipoolewa hapa niliipenda sheria hiyo. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Baba yetu, Mungu amrehemu, alitufundisha kwamba samaki wa mtoni anabeba mayai mvua zikikaribia. Huku niliwaona wenye matumbo hata katikati ya kiangazi, jua linapasua visigino. Nikajisemea labda samaki wa huku wana taratibu zao, kama walivyo watu wa huku wanaovaa makoti kwenye joto. Mtu mgeni hauanzi ukwe kwa kumfundisha mkweo mto wake.

Na mto wenyewe, Mama, umeshakuwa mwingine. Unatoka huko juu kwenye baridi, unapita kwenye mashamba ya mahindi, unapita bustani za mboga, unapita malisho, unadondoka na mlima mpaka kwetu, na kila unapopita unabebeshwa kitu. Mahindi siku hizi hayavunwi bila kupuliziwa dawa, viwavi ni wengi. Mtu akimaliza kupuliza anashuka kivukoni, anasuuza bomba lake pale pale, analijaza maji, anarudi shambani. Wengine wanafua hapo. Ng'ombe wanakunywa na kujisaidia hapo. Kiangazi maji yakipungua yanakuwa ya kijani, mazito, yananuka kama gunia lililolowa, na samaki wanakuja juu midomo wazi kama wanaomba kitu. Kila mwaka nyavu zikawa zinapanda nyepesi. Mzee naye akazidisha bidii. Kadiri samaki walivyopungua ndivyo alivyowapeleka wengi zaidi kidimbwini. Alikuwa anatoka alfajiri na ndoo, mgongo umepinda, koti limelowa mpaka kiunoni. Nilikuwa namwambia, "Baba, pumzika." Ananijibu, "Mama Neema, uzazi haungoji mtu apumzike."

Kiangazi hiki tulipoona samaki wanaelea wamekufa pale kivukoni, mwenyekiti wa kijiji alipeleka habari mjini, akaja afisa uvuvi. Ni binti, anaitwa Rehema, kwao wana duka Sumbawanga mjini. Alikuja na hijabu yake na gambuti zinazompwaya, akaingia kwenye tope bila kuogopa. Akamwamkia mzee vizuri, "Shikamoo babu," akaomba apewe samaki mmoja mwenye tumbo.

"Huyo hapasuliwi hapa," mzee akamwambia.

"Basi babu, naomba aliyekwisha kufa."

Mzee akafikiri, akampa mmoja aliyefia kwenye wavu. Wale wa namna hiyo alikuwa na desturi ya kuwazika bila kuwafungua. Rehema akapiga magoti, akampasua juu ya jani la mgomba.

Mama, hayakutoka mayai. Ulitoka mnyoo mweupe, bapa, mrefu kuliko samaki mwenyewe, kama ule utepe wa gauni la komunyo ya Konsolata. Ulikuwa unajikunja bado. Akauvuta, ukatoka, na nyuma yake ukatoka mwingine. Tumbo likabaki tupu, ngozi imelegea.

Mzee akainama akachungulia. "Mayai yako wapi?"

"Hakuna mayai, babu. Huyu ni jamii ya tegu. Akishaingia ndani, samaki hapevuki tena. Anavimba tu. Samaki huyu asingetaga."

Akatueleza taratibu, wala hakujivuna. Alisema samaki mwenye mnyoo anachoka, anaogelea juu juu, ndege anamdaka kwa urahisi. Mnyoo unakomaa tumboni mwa ndege, mayai yake yanadondoka majini pamoja na kinyesi, vidudu visivyoonekana vinayameza, samaki wanakula vile vidudu. Akasema mnyoo huu haukuanza leo, ila zamani maji yalikuwa mengi na safi, samaki wana nguvu. Sasa mbolea na samadi zinafanya vidudu viongezeke, dawa zinawadhoofisha samaki, na maji hayana hewa. "Samaki ni kama mtu tu, babu. Akidhoofika, kila ugonjwa unamwona."

Wavuvi wakaanza kuinamisha vichwa. Ilikuja kujulikana kwamba wachuuzi wa sokoni walikuwa wanajua siku nyingi. Wakimpata mwenye tumbo walimtoa matumbo wakitupa mtoni, kimya kimya, wateja wasije wakakimbia. Rehema anasema ukimpika akaiva hadhuru mtu. Lakini nani atakula akishaona?

Mzee hakusikia hayo ya wachuuzi. Alikuwa ameelekeza uso kule kwenye matete, ambako kila siku wamejaa yangeyange na mnandi wamekaa kama waumini. Akauliza polepole, "Na wale ndege wa kidimbwini kwangu?"

Rehema akatazama ndoo iliyokuwa miguuni pa mzee. Nadhani ndipo alipoelewa. Akasema, "Ndiyo, babu."

Nilimwangalia mume wangu, akageuka akajifanya anakunja wavu. Mzee yule, Mama, miaka yote hiyo alikuwa anawachagua wagonjwa anawatunza, wazima anawapeleka kwenye chungu. Na sisi wote tulikuwa tunamsaidia. Kila ukipika samaki mwembamba unajiona mtu mwema.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Rehema akaomba mabomba ya dawa yasioshwe tena mtoni. Mkulima mmoja akasimama akasema, "Viwavi wakimaliza mahindi yangu, mtanilisha hao samaki wenye minyoo?" Watu wakacheka. Mwingine akamgeukia Didas, "Na wewe unayejifanya una uchungu na mto, bomba lako unaoshea wapi?" Ni kweli, anaoshea pale pale kivukoni kama wengine, na mimi nguo zake nafulia pale pale. Wakakubaliana kuchimba shimo la kuoshea mbali na ukingo. Limechimbwa. Wapo wanaolitumia na wapo wanaosema ni mbali.

Lakini likabaki la kidimbwi. Rehema alisema mvua zikinyesha kitafurika, kitaungana na mto, na wagonjwa wote watasambaa. Kwa hiyo watolewe kabla, wachimbiwe shimo. Watu wangeweza kwenda kuwatoa bila kuuliza, lakini hakuna aliyethubutu, kila mtu anajua kile ni kidimbwi cha nani. Didas akambembeleza baba yake apande mjini, akae kidogo Izia kwa shangazi yake Didas, arudi kazi ikiwa imekwisha. Mzee akakataa.

"Nimewaleta mimi. Nitawatoa mimi."

"Baba, na ile nadhiri?"

"Nadhiri ilisema mwenye mimba. Asiye na mimba simkosei. Nitamfungua mmoja mmoja, nijue."

Basi tukaenda siku moja asubuhi, mawingu yamesharundikana juu ya mlima. Didas na wavuvi wengine wakavuta wavu mdogo wa kokoro, Rehema naye alikuja. Mzee akakaa juu ya gogo, kisu mkononi, beseni langu la kufulia mbele yake. Hakutaka mtu mwingine ashike kisu. Akaanza. Anampasua mmoja, unatoka utepe. Mwingine, utepe. Na kila utepe ulipotoka, Mama, nilimwona anashusha pumzi. Alikuwa anafurahi. Mtu aliyeupenda mto ule kuliko kitu chochote alikuwa anamshukuru Mungu kwa kila mnyoo, kwa sababu mnyoo ulimaanisha hajavunja neno lake. Sijui kama umewahi kuona furaha ya namna hiyo. Mimi sitaki kuiona tena.

Shimo lilikuwa linakaribia kujaa na watu wameshaanza kupiga soga. Akamchukua mmoja, tumbo gumu kama la wenzake, akapitisha kisu.

Yakatoka mayai. Ya manjano, safi, yamejaa kiganja.

Wale ndege kwenye matete niliona kama wametulia, lakini labda ni mimi tu. Mzee aliyakinga kwa mikono miwili, kisu kikaanguka. Akasema kitu kwa Kifipa, na Kifipa changu bado ni cha kuokoteza, nikashika neno moja tu, jina la marehemu mke wake. Kisha akamwaga uchafu wa kwenye beseni, akaniomba nilete maji safi ya pale juu kwenye mawe, yanapotiririka. Nikakimbia nikaleta. Akayaweka mayai ndani, taratibu, kama unavyomlaza mtoto.

Wewe unajua, Mama, na mimi najua. Baba alituonyesha. Mayai yaliyotolewa tumboni hivyo, dume hajayapitia, ni kitoweo tu. Didas naye anajua. Alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Tukamtazama Rehema, yeye ndiye msomi, yeye ndiye angesema. Rehema akainamisha kichwa, akachezesha gambuti kwenye tope, akasema, "Usiyaweke juani, babu."

Ndiyo hali yetu. Mvua ya kwanza imenyesha, kidimbwi kimeungana na mto kikiwa kitupu. Rehema anasema mto unaweza kupona, ila polepole, na sisi tukiacha kuutilia sumu. Didas alipanda Izia kutafuta kazi, ameshuka juzi, amepata kibarua cha ujenzi, anataka tuhamie huko juu. Anasema mtoto hawezi kukua kwa kusubiri mto upone. Yuko sahihi, siwezi kubishana naye. Lakini mzee haondoki, na mimi sina moyo wa kumwacha na lile beseni. Ameliweka kivulini, upenuni kwake. Maji anayabadilisha mwenyewe asubuhi na jioni, hataki nimsaidie. Neema akikaribia na meno yake anamwambia, "Taratibu bibi, usiwaamshe wadogo zako." Mzee si mjinga, Mama. Ameshika samaki maisha yake yote. Wakati mwingine nahisi anajua kama tunavyojua sisi, na anatusubiri mmoja wetu aseme. Wakati mwingine namwona anavyoinama pale, nasema hapana, hajui.

Kwa hiyo wale samaki wakavu ulioniagiza kwa ajili ya sherehe ya harusi ya Konsolata hawatakuja. Usinune, Konsolata. Nitakutumia maharage na ulezi mzuri wa huko Kaengesa, ugali wake utamfanya huyo mwanamume wako asahau wali wa Ifakara. Na nyie huko, nakuombeni, msioshee mabomba mtoni. Mwambieni na mjomba Alfonsi, aliye mjanja kwa kila kitu, kwamba maji hayaondoki na sumu yake yakaishia hewani. Yanafika kwa mtu.

Nisalimie huyo mjomba, na mitumbwi yake anayoitengeneza bila kuimaliza. Nisalimie mama mdogo Veronika wa vitumbua, mwambie huku natamani vitumbua vyake hadi naota. Msalimie shangazi Tekla, kiongozi wa kwaya, na kama bado hajanisamehe kwa kuolewa mbali mwambie nimeshapata adhabu yangu, nafua kwa maji ya baridi. Pitia kaburini kwa baba uling'olee majani. Mwambie nilitaka kumwuliza jambo.

Nilikuwa nataka nifunge barua hapa, lakini mzee ameniita. Nimekwenda. Ameshalivuta beseni lake karibu na mwanga, miwani ameivaa, amechuchumaa na makoti yake mawili. Akaniambia, "Mama Neema, wewe macho yako ni mazuri, na ni mtoto wa mvuvi. Hebu tazama. Yamebadilika rangi, sivyo?"

Nikainama nikatazama. Yamekuwa meupe yote, Mama, yameanza kuota ukungu kama wa mkate uliolala.

Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Yamebadilika."

Akacheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka. Sasa hivi anaimba huko upenuni, mimi nimerudi kwenye kigoda changu na sijui kesho nitamwambia nini. Uniandikie upesi, Mama, hata kama ni maneno mawili.

Mwanao anayekupenda,
Skolastika, mama Neema